Sikio la Kushoto

Kichwa kile nilikishona mimi,
hapa Langoni, duka la pili kutoka kwa muuza halua,
kwa gunia la mchele na bitana ya suruali ya shule,
macho vifungo vya koti la marehemu baba.
Sikio la kulia likasimama kama alifu.
La kushoto, kitambaa kikaisha.
Nikalikata fupi, nikasema: basi, mkamilifu ni Mungu.

Kupi Famau akakivaa, akaingia runingani,
kituo kidogo cha Malindi, Alhamisi baada ya taarifa:
punda kakaa kitini, mwenyekiti wa kamati ya maji,
anaulizwa bomba la Mkomani limekauka kwa nini,
naye hajibu. Anatafuna faili.
Anatafuna taratibu, ukurasa kwa ukurasa,
anameza muhuri, anapangusa mdomo kwa kitambaa cha meza.
Juma tatu mji mzima ulilala umeshika mbavu.
Juma la nne simu ikalia kwa mkurugenzi.
Sijui ilisema nini.
Alhamisi ile tuliwekewa kipindi cha mapishi.

Mwaka haukupinduka.
Binti yangu Somoe akaniita, "Baba, njoo uone!"
Chaneli ya jirani, kusini ya mpaka,
studio ina taa kama harusi ya tajiri,
punda kakaa kitini, kafunga tai,
anaulizwa habari za bomba,
anatafuna faili.
Nikasogea mpaka pua ikagusa kioo.
Sikio la kushoto: fupi.
Walikuwa na kitambaa wale, robota kwa robota,
na fundi wa mshahara,
na bado wakalikata fupi
kwa kuwa langu lilikuwa fupi.

Tukaenda kwa wakili Mwaringa.
Akavua miwani, akasema: "Wazo ni harufu ya pilau ya jirani,
ukiinusa hulipi.
Sheria haimjui punda. Labda italijua sikio.
Mna risiti ya sikio?"
Risiti! Nani huandikia gunia risiti?
Kule nako wakajibu kwa barua yenye nembo:
punda ni wao tangu enzi na enzi,
wezi ni sisi, na ucheshi wetu hauna chumvi.
Magazeti yakadaka, nchi hii, nchi ile,
vijana wakatukaniana mama zao,
watu ambao bomba halijawahi kuwakaukia hata siku moja.

Nami usiku, taa ikizimwa, naona haya kidogo.
Mamangu Mwana Hafswa, kwenye vugo la harusi,
alijivika foronya, masikio mawili ya leso,
akamwigiza karani wa kodi
mpaka wanawake wakatokwa na machozi.
Hakuna aliyemlipa. Hata mimi sikumlipa.
Na leso si nguo ya kusimama:
sikio moja lilikuwa likilala.

Sasa kipindi cha wenzetu kimefika msimu wa nne.
Tunakitazama barazani, waziwazi, sauti juu,
kwa kuwa si chetu. Kicheko kilitoka hapa bure,
kimerudi kimepigwa chapa ya ng'ambo.
Na jana alikuwepo mheshimiwa mwenyewe,
yule wa kamati, yule wa simu (nasema labda),
anacheka hadi kahawa inamwagikia vidole:
"Lo! Wenzetu hawa wana viongozi punda kwelikweli!"
Watu wakatazama ndara zao.

Asubuhi akaja dukani na kitambaa cha suti.
Ana mkutano Nairobi, aitaka upesi.
Nikampima mabega, kifua, kiuno kilichoongezeka.
Mikono akainyoosha yote miwili, kama mtoto.
Kitambaa kilikuwa tele, kingetosha hata kofia.
Nimekata leo baada ya alasiri, mkasi mpya,
vidole havikutetemeka.
Mkono wa kulia umefika kwenye kifundo.
Wa kushoto, akiuliza,
nitamwambia kiliisha.